MASOMO YA UFUNDI: TUNABADILISHA VITABU AU TUNABADILISHA MAFUNZO?



Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mwaka huu wa 2026 mbiu imelia katika shule za upili kote nchini Kenya. Mwezi wa Januari wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia mabwenini na masanduku mapya na mtaala mpya, ule wa umilisi. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tuliowapokea. Sisi ni vitinda mimba wa mfumo wa 8-4-4. Tulifanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, na Mungu akitujalia tutafanya KCSE mwaka 2027. Ukitazama nyuma yetu hakuna Kidato cha Pili wala cha Kwanza.

Kwa hivyo chini ya paa moja mna mitaala miwili. Jioni baada ya prepu mjadala huwa mkali kama soko la mbuzi: upi bora? Wengine husema mtaala mpya ni mbwembwe tu. Wengine husema sisi wa 8-4-4 tumepitwa na wakati. Mimi nimechukua kipande kimoja tu cha mjadala huo, nacho ni masomo ya ufundi: useremala, umeme, ufundi wa vyuma, umekanika, ujenzi, kilimo, kompyuta na mengineyo. Nataka tuelewane viwango vya masomo haya ni nini, vilizeeka vipi, vinabadilishwaje, na kwa nini sisi watu wa Isiolo tunapaswa kukaa macho.

KIWANGO NI KITU GANI?

Tuanze na neno lenyewe, maana wengi tunalitumia ovyo. Silabasi ni orodha ya mambo yatakayofundishwa. Kiwango ni kipimo cha kile ambacho mwanafunzi anapaswa kuweza kukifanya akishafundishwa. Tofauti ni ndogo machoni lakini ni kubwa kwa vitendo. Silabasi ikisema "sehemu za injini", mwalimu atachora injini ubaoni, nasi tutaichora daftarini, na siku ya mtihani tutazitaja sehemu hizo moja baada ya nyingine. Kiwango kikisema "mwanafunzi aweze kutafuta kwa nini injini haiwaki, kisha airekebishe", basi kuchora peke yake hakutoshi. Itabidi injini yenyewe iwepo, na mikono ichafuke.

Hapa Kenya kazi ya kuandika mitaala ya shule imekabidhiwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ambayo kabla ya sheria ya mwaka 2013 ilijulikana kama KIE. Mitihani ya shule hutungwa na Baraza la Mitihani, KNEC. Vyuo vya ufundi vina baraza lao, TVET CDACC, lililotokana na Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka huo huo wa 2013. Huko vyuoni ndiko utakakoona neno "kiwango" likitumiwa kwa maana yake kamili. Kabla ya kuandika mtaala, watu wanaoifanya kazi hiyo huitwa mezani waeleze: fundi hufanya nini, kwa hatua zipi, kwa vifaa gani, na hujikinga vipi asiumie? Majibu yao ndiyo yanayoandikwa kuwa kiwango cha kazi, na mtaala hufuata nyuma. Mwanafunzi naye hapewi A wala D. Huambiwa amemilisi, au bado hajamilisi. Neno hilo "bado" lina heshima yake. Halimwambii mtu kuwa ameanguka, linamwambia arudi karakanani ajaribu tena.

TULIKOTOKA

Asiyejua alikotoka hawezi kujua aendako. Masomo ya ufundi katika nchi yetu yana historia ndefu, tena yenye machungu kidogo.

Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa Nelson Fraser kutoka India achunguze mambo ya elimu. Alipendekeza Mwafrika afundishwe kazi za mikono. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ikapita Afrika Mashariki, nayo ikasisitiza kilimo na ufundi. Katika miaka hiyo ya 1920 chuo cha kufundisha mafundi wa Kiafrika kikaanzishwa Kabete. Ufundi wenyewe haukuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwamba mtoto wa Mzungu alipewa vitabu, na mtoto wa Mwafrika akapewa nyundo. Wazazi wetu wa zamani wakaelewa wazi kwamba nyundo ilikuwa njia ya kuwaweka chini, nao wakadai elimu ya vitabu. Hawakukosea.

Lakini shaka ile ilibaki hata baada ya mkoloni kwenda zake. Mdogo wangu wa kike yuko Gredi ya 9, na mwaka huu anatakiwa kuchagua mkondo wa masomo. Aliposema nyumbani kwamba anataka ufundi, hasa somo la Umeme, shangazi yetu alishtuka. "Umeme? Kwani mwanangu umeshindwa na masomo?" Shangazi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anasema tu yale ambayo jamii yetu imekuwa ikisema kwa karibu miaka mia moja: eti ufundi ni wa walioshindwa.

Baada ya uhuru, Tume ya Profesa Simeon Ominde ya mwaka 1964 iliweka msingi wa elimu ya taifa huru. Nchi ilihitaji makarani, walimu na maofisa wa kushika nafasi za Wazungu, na shule zikawatoa. Kufikia miaka ya 1970 ofisi zilikuwa zimejaa, na vijana wenye vyeti walikuwa wanazunguka mijini bila kazi. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikataka masomo ya vitendo yaongezwe. Kisha Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ikapendekeza chuo kikuu cha pili pamoja na mfumo mpya wa elimu, na mwaka 1985 Rais Moi akauanzisha mfumo wa 8-4-4. Nia yake ilikuwa nzuri: mtoto amalize shule akiwa na ujuzi wa kujitegemea. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo penye funzo. Mtaala ulitaka karakana, lakini serikali haikuwa na fedha za kujenga karakana katika kila shule. Kazi hiyo iliachiwa wazazi kwa harambee. Mwaka 1988 ikaja sera ya kugawana gharama, na mzigo wa mzazi ukazidi kuwa mzito. Shule zilizokuwa na wazazi wenye uwezo zilipata karakana na vifaa. Nyingine zilijenga kuta tu, na nyingine hazikujenga chochote. Somo la vitendo likageuka kuwa somo la kukariri. Tume ya Davy Koech ilitoa ripoti yake mwaka 1999 ikieleza haja ya mabadiliko makubwa, na mwaka 2002 silabasi za sekondari zikafanyiwa marekebisho. Silabasi hizo za 2002 ndizo tunazosoma sisi hadi leo. Zimenizidi umri!

KILICHOZEEKA NI KIPI?

Hebu tufungue vitabu vyetu tuone. Anayesoma Somo la Kompyuta hufundishwa disketi, kifaa ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika. Lugha za programu zinazofundishwa humo ni kama Pascal na Visual Basic. Anayesoma Biashara hukutana na taipureta katika sura ya ofisi. Anayesoma Kilimo, akifika kwenye sura ya nguvu na mashine za shambani, hukutana na injini ya petroli yenye kabureta, koili na distribyuta.

Niliona nisimalize makala haya bila kumuuliza mtu wa kazi. Nikaenda kwa fundi mmoja karibu na yanakosimama magari ya kwenda Moyale, nikiwa na kitabu changu cha Kilimo.

"Mzee, hii kabureta bado iko?"

Alikichukua kitabu kwa vidole viwili asikipake oili. "Kwa pikipiki iko, kijana. Kwa jenereta pia iko. Lakini kwa Probox sahau, hizo ni injekta na sensa. Ikiharibika unaipima kwanza na kompyuta ndogo, ndio ujue inalia wapi."

"Sasa kitabu hiki ni cha kutupa?"

"Wacha! Petroli na hewa bado zinachanganyika, na moto bado unahitajika. Kilichobadilika ni mlango wa kupitia tu."

Nadhani mzee yule alisema kwa maneno machache kile ambacho wataalamu wa mitaala hukiandika kwa kurasa nyingi. Katika kila somo la ufundi kuna msingi na kuna kifaa. Msingi ni kama vile mipigo minne ya injini, kupima kwa usahihi, kusoma mchoro, kujua mkondo wa umeme unavyopita, na kujikinga na hatari. Msingi hauzeeki upesi. Kifaa ndicho kinachozeeka: disketi, taipureta, distribyuta. Makosa ya silabasi ya zamani hayakuwa kutaja kabureta. Mwaka 2002 kabureta ilikuwa kila mahali, na hapa Isiolo bodaboda nyingi zinaitegemea hata sasa. Makosa yalikuwa kukifanya kifaa ndicho somo, hata mwanafunzi akapata alama kwa kutaja sehemu zake bila kujua mafuta yanafikaje kwenye injini.

Kiwango kizuri huandikwa kwa namna nyingine. Husema: "Mwanafunzi aweze kueleza jinsi mafuta yanavyofika kwenye injini, atafute hitilafu katika njia hiyo, na airekebishe kwa usalama." Kiwango kama hicho kitafaa kwa kabureta leo, kwa injekta kesho, na sehemu kubwa ya mbinu zake zitamsaidia hata yule atakayetengeneza pikipiki ya umeme. Kitabu kitabadilika mara tatu, kiwango kikiwa kimesimama.

MTAALA MPYA UNASEMA NINI?

Mtaala wa umilisi ulipangwa katika mwongozo wa KICD wa mwaka 2017, na ulianza rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019. Wanafunzi wake wa kwanza walifika Gredi ya 7 mwaka 2023. Mwaka huo huo Tume ya Profesa Raphael Munavu ilipendekeza masomo ya sekondari ya chini yapunguzwe kwa kuunganishwa, yakawa 9. Mojawapo linaitwa Maandalizi ya Ufundi, ambamo mambo ya ufundi, biashara na kompyuta yaliwekwa katika chungu kimoja. Kwa hivyo mtoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9, awe anataka kuwa daktari au seremala, lazima aonje ufundi. Hilo nalisifu.

Akifika Gredi ya 10, mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; Sayansi za Jamii; au Sanaa na Michezo. Serikali imelenga asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, asilimia 25 Sayansi za Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Ndani ya STEM ndimo yalimo masomo ya ufundi: Usafiri wa Anga, Ujenzi, Umeme, Ufundi wa Vyuma, Umekanika, Useremala, Teknolojia ya Vyombo vya Habari, na Teknolojia ya Bahari na Uvuvi.

Hesabu vizuri, msomaji. Katika majina hayo 8, majina 6 yalikuwapo tangu zamani katika KCSE. Mapya ni mawili tu ya mwisho. Ndiyo maana nasema jina la somo lisitudanganye. Kama kuna mabadiliko, hatuna budi kuyatafuta ndani ya somo, si mlangoni.

Na ndani yapo, tuseme ukweli. La kwanza ni nafasi. Sisi wa 8-4-4 tukimaliza Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, sayansi mbili na somo la jamii, kwa kawaida tunabaki na nafasi ya somo moja la ufundi, lugha ya kigeni au Biashara. Kwa hivyo ufundi ni mgeni wa kukaa pembeni. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana masomo 4 ya lazima, nayo ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Kisha huchagua matatu ya kwake. Anaweza kuchukua Fizikia, Umeme na Kompyuta kwa pamoja, masomo yanayosaidiana kama mafiga ya jiko.

La pili ni upimaji. Gredi ya 9 walipofanya mtihani wao wa kwanza wa kitaifa, KJSEA, mwaka 2025, alama za mtihani huo zilihesabiwa kuwa asilimia 60 tu. Kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zilichukua asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20. Kazi ya mikono ya mwanafunzi, aliyoifanya mbele ya mwalimu wake, inaingia katika hesabu.

Hata majirani wako safarini. Tanzania ilianza mwaka 2024 kutenganisha sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambao mwanafunzi wake husoma fani ya ufundi tangu Kidato cha Kwanza. Neno hilo "amali" ni zuri, na sisi Wakenya tungeweza kuliazima bila aibu.

KARATASI NA KARAKANA

Sasa nirudi kwenye swali la kichwa cha makala haya. Je, tunabadilisha vitabu au tunabadilisha mafunzo?

Karatasini mwanafunzi huchagua masomo matatu. Kwa hakika huchagua katika yale ambayo shule inaweza kuyafundisha. Shule hutazama walimu wake, vyumba vyake na vifaa vyake, ndipo iseme itafundisha nini. Shule isiyo na karakana haiwezi kutangaza Ufundi wa Vyuma. Mdogo wangu anayetaka Umeme itabidi kwanza atafute shule yenye mwalimu wa Umeme. Ikiwa iko mbali, basi kuna nauli, kuna karo ya bweni, na kuna mzazi wa kuuza mbuzi. Mtoto wa Merti au wa Garbatulla ana safari ndefu zaidi. Mwishowe wengi watachukua somo lililo karibu, kisha tutaambiwa kwamba "walichagua".

Hapa ndipo kivuli cha mwaka 1985 kinapotokea. Mtaala ule nao ulikuwa mzuri karatasini. Haukuangushwa na mawazo mabaya, uliangushwa na karakana ambazo hazikujengwa, walimu ambao hawakuandaliwa vya kutosha, na viwango ambavyo havikuguswa kwa miaka mingi vikishaandikwa. Kubadilisha kiwango bila karakana ni kama kumvika maskini koti la arusi, akalala nalo njaa. Na kama somo la vitendo litafundishwa tena kwa chaki, basi miaka 20 ijayo mwanafunzi mwingine wa shule hii ataandika makala kama haya akitucheka.

ISIOLO YETU

Tuangalie basi mji wetu wenyewe unahitaji ufundi gani. Sensa ya mwaka 2019 ilitupata watu 268,002 katika kaunti nzima, na mali yetu kubwa ni mifugo. Lakini hata mifugo siku hizi inahitaji mafundi.

Chukua maziwa ya ngamia. Kikundi cha akina mama cha Anolei kimejulikana kwa miaka mingi kwa kukusanya maziwa hapa mjini, kuyapoza na kuyapeleka Nairobi, hasa Eastleigh, kwa mabasi. Maziwa ni mali inayokimbizana na jua. Friji ikizimika usiku mmoja, kazi ya wachungaji wengi inamwagika. Nani huitengeneza friji hiyo? Anayejua umeme, anayejua gesi ya kupozea, anayejua kusoma kipimajoto. Hicho ni kiwango cha kazi, kimekaa mlangoni petu.

Chukua maji. Visima virefu vya mashine huko malishoni vilikuwa vikiendeshwa kwa jenereta za dizeli, na sasa pampu za sola zimeongezeka. Pampu ikikwama wakati wa kiangazi, ng'ombe hawawezi kungoja fundi atoke Nairobi. Kijana wa kijiji hicho anayejua kupima paneli, nyaya na pampu ana thamani kuliko lori la maji.

Chukua barabara na anga. Lami ya kwenda Moyale imeleta malori, na malori yameleta kazi ya matairi, breki na kuchomelea vyuma. Uwanja wetu wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa mwaka 2017. Somo la Usafiri wa Anga hata hivyo limekuwa likifundishwa katika shule chache mno nchini, Mang'u ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi. Sidai kwamba kila shule ya Isiolo ifundishe urubani. Nasema tu kwamba kiwango kizuri huanza kwa kumwuliza mtu wa mahali: hapa kwenu ni kipi huharibika, na nani anakitengeneza?

LUGHA YA KARAKANA

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, siwezi kumaliza bila kugusa lugha. Masomo ya ufundi shuleni hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Jua kali huzungumza Kiswahili. Fundi anaagiza spana, bisibisi, tindo, tupa na nyundo. Seremala ana randa, patasi, msumeno, keekee na jiliwa. Mwashi ana pimamaji na timazi. Haya si maneno ya kubuniwa na mwalimu, ni maneno yaliyozeeka mikononi mwa watu wanaoyatumia.

Tazama hasara inayotokea. Fundi aliyefanya kazi miaka 30 hawezi kusoma kiwango kilichoandikwa kuhusu kazi yake mwenyewe, kwa hivyo hawezi kusema wapi kimekosea. Mwanafunzi naye hutoka shuleni akijua majina ya Kiingereza ya vifaa, akifika kwenye kazi anaambiwa "nipe tindo" akabaki ameduwaa. Ukuta uliopo kati ya darasa na karakana umejengwa kwa maneno pia. Sisi wapenzi wa Kiswahili tunaweza kuubomoa tofali moja moja.

TUFANYE NINI?

Lawama peke yake haijengi nyumba. Nina mapendekezo manne, na nawaomba walimu na wenzangu wayapime.

Kwanza, kila kiwango cha somo la ufundi kiandikwe mwaka wa kukaguliwa upya, kama pakiti ya maziwa inavyoandikwa tarehe. Msingi ungeweza kukaa miaka mingi, lakini orodha ya vifaa ikaguliwe kila baada ya miaka michache. Tusingoje tume nyingine ya taifa ndipo disketi itoke kitabuni.

Pili, mafundi wa jua kali waitwe shuleni, waje kama wakaguzi wa kazi zetu na si wageni wa siku moja tu. Wengi wao hawana vyeti, lakini mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huwapima mafundi kwa vitendo na kuwapa vyeti vya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Anayeweza kupimwa kwa vitendo anaweza pia kusaidia kupima.

Tatu, karakana zitumiwe kwa ushirikiano. Katiba ya mwaka 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, na sekondari zikabaki kwa serikali kuu. Wakubwa wanajua kwa nini waligawana hivyo. Lakini mwanafunzi wa Isiolo ni mmoja tu. Kama chuo cha kaunti kina mashine ya kuchomelea na shule jirani haina, siku mbili kwa wiki wanafunzi wavuke barabara wakaitumie. Shule moja moja zikijaribu kununua kila kitu zitarudia mambo ya 1985. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, Chama cha Kiswahili kianze kamusi ndogo ya karakana. Kila mwanachama alete maneno 10 kutoka kwa fundi wa mtaani kwao, pamoja na mchoro wa kifaa na maelezo ya kazi yake. Ndugu zetu wa Gredi ya 10 wana somo la Huduma kwa Jamii, hivyo kazi hii inawafaa kabisa. Tukifika maneno 300 tuichapishe, nakala moja iende maktaba na nyingine ziende kwa mafundi wenyewe.

Kuhusu mdogo wangu, shangazi bado hajakubali moja kwa moja, lakini juzi aliuliza karo ya shule zenye somo la Umeme ni pesa ngapi. Nimeona hiyo ni hatua. Elimu ya ufundi itapata heshima siku mzazi atakapoona kwamba mtoto wake ameifanya kazi ikakubalika, wala si kwa sababu waziri amesema. Na ili mtoto aweze kuifanya kazi hiyo, kiwango kiwe hai, karakana iwe wazi, na mwalimu awe na kifaa mkononi badala ya chaki.

Sisi wa Kidato cha Tatu tutaondoka mwaka 2027 na silabasi yetu ya 2002. Tutawaachia wadogo zetu mabweni, madawati na uwanja wa mpira. Tusiwaachie pia desturi ya kutaja sehemu za injini ambayo hawajawahi kuiwasha. Kazi ya mikono haidanganyi: ama pampu inatoa maji, ama haitoi.



Mwanachama, Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3